Wakuu, maktaba ya chuo changu inaweza kuniazimia kitabu kilichopo chuo kingine, au ndo mpaka nipande basi?

Binti_Mpwapwa

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya maktaba za vyuo, hasa mliopita masters ya historia, na kama kuna mkutubi humu ndo namsubiri kabisa.

Iko hivi. Nasoma masters chuo kimoja cha mkoani, jina naliacha. Dizatesheni yangu ni kuhusu vibarua wa ule mpango wa karanga wa Mwingereza pale Kongwa, ulioanza 1947 ukaja kufutwa Januari 1951 baada ya kula paundi milioni 36 na karanga zenyewe hazijaonekana. Sasa kila kitabu nikifungua, rejea zinanirudisha kwenye vitu vile vile ambavyo maktaba yetu haina hata kimoja. Kuna tasnifu ya M.A. ya Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar, ya miaka ya 70, mtandaoni haipo, nimetafuta mpaka bando limekata. Kuna kitabu cha Alan Wood cha 1950, The Groundnut Affair, huyu jamaa alikuwa kitengo cha habari cha shirika lenyewe lililokuwa linalima kwaiyo mengi aliyaona mwenyewe. Kuna makala ya African Economic History ya 1981 na nyingine ya Journal of Agrarian Change ya 2006 ambayo nikibonyeza tu inataka dola. Alafu magazeti ya Tanganyika Standard, mana nataka kuona walivyoandika ule mgomo wa 1947 ulioanzia bandarini Dar ukapanda na reli ya kati mpaka huku kwetu.

Supavaiza wangu alisoma Uingereza zamani hizo, yeye anasema "si uende maktaba ujaze fomu ya kuazimiwa, watakuletea hapo hapo." Nimeenda kaunta nikauliza, kijana aliyekuwepo akasema fomu hiyo hajawahi kuiona, kama kitabu kipo Dar basi niende Dar. Hakuniambia kwa ubaya ila ndo hivo.

Sasa naulizeni, hii huduma ya maktaba kuazimiana vitabu Tanzania ipo kweli au ipo Ulaya tu? Kama ipo inaanzia kwa nani na inalipiwa sh ngapi? Nauli na kulala Dar siku za kutosha kusoma tasnifu nzima sina, nasomeshwa na kaka yangu na yeye ana watoto.

Baba_Pidiefu

dada angu mbona unajitesa, hiyo ya 2006 itafute Sci-Hub dakika mbili umemaliza. vitabu kuna magrupu ya Telegram. supavaiza hatakuuliza umekitoa wapi anachotaka aone tanbihi tu

Binti_Mpwapwa

Asante kaka, nimeshapita huko. Makala sawa, ila tasnifu ya Mlimani iliyopigwa taipu miaka ya 70 nani kaipandisha Telegram?

Mkutubi_Mstaafu_Mtarajiwa

Mwanangu Binti_Mpwapwa, mimi ni mkutubi chuo cha umma, nimekaa kwenye hii kazi toka enzi za kadi za katalogi kwenye madroo, kwaiyo nitakujibu kirefu, chukua chai kwanza.

Huduma ipo. Ukisoma sera za maktaba nyingi za vyuo vyetu utakuta kifungu kabisa kwamba maktaba itashirikiana na maktaba nyingine katika kuazimiana. Shida ni kwamba kwenye maktaba nyingi hakuna mtu ambaye hiyo ndo kazi yake. Kuna mtu wa kaunta, kuna mtu wa katalogi, kuna mtu wa majarida, kuna mtu wa kompyuta, huyu wa kuazimiana hayupo, kwaiyo ombi likija linaangukia kwa mwenye roho nzuri siku hiyo. Yule kijana aliyekujibu usimlaumu, inawezekana toka aajiriwe hajaona ombi hata moja.

Sasa kitu cha kwanza uelewe, kitabu chenyewe kwa kawaida hakisafiri. Kinachosafiri ni kurasa. Mimi nikipata ombi toka kwa mwenzangu wa chuo kingine, anayeniambia nataka sura ya tatu ya kitabu fulani ukurasa 61 hadi 94, mwanafunzi wetu anafanya utafiti, mimi naenda rafuni nakitoa naskani namtumia kwa imeili kabla ya saa ya chakula. Akiniambia nitumie kitabu kizima kwa basi, hapo nakuna kichwa. Kitabu cha 1950 nakala ni moja, hakichapwi tena, kikipotea nani analipa na analipa kupitia fungu gani? Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi tulikiazimisha kitabu kwa taasisi nyingine, mwanafunzi wao akahitimu akaondoka nacho, tukaandikiana barua mpaka mkuu wa maktaba aliyesaini kukitoa akastaafu. Toka siku hiyo pale ukitaja kuazimisha nje watu wanatazamana.

Tasnifu ndo kabisa. Tasnifu ni nakala maalumu, hata mwanafunzi wa chuo chenyewe haondoki nayo nyumbani. Za Mlimani na vitu vingi vya zamani vya nchi hii utavikuta upande wa East Africana, ule ni mkusanyiko wa kusomea humo humo ndani. Hilo sio roho mbaya, maktaba kubwa popote duniani zinafanya hivo kwa vitu vya namna hiyo.

Kwaiyo ufanye hivi. Usiandike wewe kwa maktaba ya mbali kwanza, ombi la mwanafunzi asiyejulikana linakaa kwenye imeili ya jumla na matangazo ya semina. Mwone mkuu wa maktaba ya chuo chenu, au mtu wa huduma kwa wasomaji, sio kaunta, nenda asubuhi, umpe karatasi iliyoandikwa kila kitu: mwandishi, kichwa, mwaka, shahada, idara, na namba ya kitabu kama umeiona kwenye katalogi yao ya onlaini. Mwambie unaomba kwanza kurasa za yaliyomo ziskaniwe. Ukishaona yaliyomo ndo unaomba sura unayoitaka kweli. Watu wanaomba "kila kitu kuhusu karanga" alafu wanashangaa hawajibiwi. Mkutubi kwa mkutubi tunafahamiana, tumesoma pamoja, tunakutana kwenye mikutano, tuna magrupu ya WhatsApp. Ombi likipita huko linajibiwa. Rasmi sio sana, ila linafanya kazi.

Makala za majarida hiyo habari nyingine kabisa, usilipe dola hata moja. Muulize huyo huyo mkuu wa maktaba kuhusu Research4Life. Ni mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji, ulianza 2002 na majarida ya afya chini ya WHO, 2003 FAO wakaleta ya kilimo, ukazidi kupanuka. Tanzania tupo kundi A, yani chuo kinaingia bila malipo, kinachotakiwa ni kusajiliwa tu. Wiley wanaochapisha hilo jarida lako la 2006 wamo. Ile ya 1981 ipo JSTOR, hazina ya majarida ya mtandaoni, ukifungua akaunti yako mwenyewe wanakuruhusu kusoma makala 100 kwa mwezi bure kwenye skrini.

Na usisahau Morogoro. Maktaba ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, ndo Maktaba ya Taifa ya Kilimo toka 1991 kwa sheria ya bunge, na hazina yao ya kidijitali iko wazi. Mtu anayeandika habari za karanga bila kupita Morogoro mimi ningemshangaa.

Binti_Mpwapwa

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, nimeprinti kabisa hii. Kumbe mimi nilikuwa nauliza swali kwa mtu ambaye sio wake.

Kichwa_Ngumu_Dom

Mzee heshima yako ila mimi hapo kwenye "tunafahamiana" ndo sikubaliani. Yani huduma ya chuo cha umma inategemea kama mkutubi wenu alisoma na mkutubi wao? Mtoto wa chuo kidogo kilichofunguliwa juzi mkutubi wake ni mmoja na hajulikani na mtu, huyo afanyeje? Hivi vitabu vilinunuliwa na kodi, tasnifu ziliandikwa na watu waliosomeshwa na serikali. Mlimani sa hivi wana lile jengo lililozinduliwa 2018, watu 2,100 wanakaa kwa wakati mmoja na nafasi ya vitabu 800,000, safi sana, naunga mkono. Lakini mwanafunzi wa Kongwa akitaka kusoma historia ya Kongwa inabidi afuate Dar. Wakati shamba lenyewe analiona akitoka nje mlangoni.

Na hili la fungu halinishawishi. Mabasi yanabeba mpaka mbuzi wakuu, parseli ya kitabu toka Dar mpaka Dodoma ni hela ya soda mbili tatu. Kinachokosekana ni mtu wa kusaini.

Mkutubi_Mstaafu_Mtarajiwa

Kichwa_Ngumu, kwenye kusaini umenipata, sibishi. Lakini nikuulize, huyo wa kusaini atajuaje kitabu kipo wapi? Hapo ndo penye kidonda. Hatuna katalogi moja ya pamoja ambayo mtu akiandika jina la kitabu anaambiwa kipo Mlimani, Mzumbe na SUA, hakipo Dodoma. Kila chuo na katalogi yake. Vyuo vingi sa hivi vinatumia Koha, programu ya bure, na Koha ina uwezo wa kwenda kuuliza katalogi za wenzake, na moduli ya kuazimiana imo humo ndani toka miaka mingi, inasubiri mtu aiwashe na mtu wa upande wa pili naye aiwashe. Kiteknolojia hatuna kisingizio.

Tunao muungano wetu, COTUL, wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Umefanya kazi kubwa, mana chuo kimoja kimoja kwenda kupatana bei na mchapishaji wa Uholanzi ni kuumizwa, mkienda wengi kama kundi bei inashuka. Ila nguvu nyingi imeenda huko kwenye majarida ya kielektroniki. Vitabu vya karatasi tulivyonavyo tayari kwenye rafu, vile vya kuazimiana sisi kwa sisi, vimebaki kila mtu na vyake.

Wa_Kilifi

Salaam kutoka upande huu wa mpaka. Mimi nilifanya PhD Kenya na nikaja nikafanya utafiti huko kwenu, kwa hivyo nimeona pande zote mbili, na niwaambie tu msidhani huku ni peponi. Sisi tuna KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, toka 2003 na hadithi ni ile ile ya huyo mzee, kazi kubwa ni kulipia databesi pamoja, na kwa hilo wamesaidia sana siwezi danganya. Lakini kitabu kutoka Nairobi kuja huku Pwani kwa njia ya maktaba, aah, mimi nilikuwa natuma rafiki aende apige picha na simu.

Lakini dada Binti_Mpwapwa kuna kitu hakuna mtu amekwambia bado. Kati ya 1963 na 1970 hapakuwa na chuo kikuu cha Dar wala cha Nairobi wala cha Makerere kama vyuo huru, ilikuwa ni Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki chenye matawi matatu, na wanafunzi walikuwa wanavuka. Mtanzania alikuwa anaweza kusomea Makerere, Mganda akasomea Dar. Kwa hivyo kazi za wanafunzi kuhusu Tanganyika za miaka ile usizitafute Dar peke yake, kuna ambazo ziko Kampala na kuna ambazo ziko Nairobi. Nairobi wana hazina yao ya kidijitali na tasnifu nyingi zimewekwa humo wazi kabisa unapakua tu. Ilipovunjika 1970 kila mtu akabaki na kilichokuwa kwenye rafu zake, na ile njia ya kawaida ya kuulizana ikawa ni ya kimataifa ghafla, na stempu na forodha. Mimi hilo huniuma kuliko kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 77, watu wanalilia ndege na reli, hakuna anayelilia katalogi.

Afrika Kusini wao wameweza. Wana Sabinet toka 1983, maktaba moja inaona vitabu vya nyingine na ombi linapita kwenye mfumo. Kwa hivyo mtu asije hapa akasema ati Waafrika hatuwezi hii kitu.

Baba_Pidiefu

sasa forodha ya kitabu tena jamani, kitabu cha maktaba kinalipiwa ushuru?

Wa_Kilifi

Hakifai kulipiwa, kuna mkataba wa UNESCO wa Florence wa 1950 unaondoa ushuru kwenye vitabu. Lakini umueleze hayo askari wa mpakani saa nane usiku basi likiwa limewasha injini.

Mgogo_Columbus

Nimeona Kongwa nikasimama, mimi ni wa Dodoma kabisa, mbukwenyi wote. Nasoma huku Ohio na nafanya kazi za saa maktaba ya chuo, kitengo hicho hicho cha kuazima kutoka maktaba nyingine, kwaiyo niwape picha ya huku jinsi inavyokwenda mana supavaiza wa dada alikuwa anaongelea kitu cha namna hii.

Mwanafunzi hapa anaingia kwenye akaunti yake anaandika kitabu anachotaka, basi kwake kazi imeisha. Sisi tunachukua lile ombi tunaliweka kwenye mfumo wa OCLC, hawa wako hapa hapa jirani mji wa Dublin, walianza 1967 kama kituo cha vyuo vya Ohio peke yake na leo katalogi yao ya WorldCat inaonyesha vitabu vya maktaba za dunia nzima. Tunapanga orodha ya maktaba zenye hicho kitabu, ya kwanza ikikaa kimya au ikikataa ombi linaruka lenyewe kwenda ya pili, ya tatu, mpaka anayesema ndiyo. Kitabu kinakuja kwa gari la vifurushi na mkanda wa karatasi kwenye jalada, mwanafunzi halipi kitu, gharama maktaba zinamalizana zenyewe. Makala za majarida ni haraka zaidi, kuna mfumo unaitwa RapidILL uliozaliwa kutokana na balaa, mwaka 1997 mafuriko yaliingia maktaba ya chuo cha jimbo la Colorado, kama vitabu na majarida nusu milioni yakaloa, ikabidi watafute namna wasomaji wao wapate makala kutoka kwa wenzao ndani ya siku moja. Ule mpango wa dharura ndo unatumika na vyuo chungu nzima leo.

Lakini msidhani ilianza hivo. Watu hapa wanasema mkutubi wa Berkeley ndo aliomba ruhusa ya kuazimishana 1886 akaja kukubaliwa 1894, na kanuni za kitaifa zikaja kuandikwa 1917. Kwaiyo wametangulia zaidi ya miaka mia, na miaka mingi kati hapo ilikuwa ni fomu za karatasi na posta kama ambavyo sisi tungeweza kuanza hata kesho.

Sasa dada yangu hapa ndo pana kichekesho chenye machungu. Vitu vya kwetu viko huku. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi toka 1966, kazi yake kununua na kukusanya machapisho ya ukanda wetu, magazeti, ripoti za serikali, mpaka vijitabu, vinapakiwa vinaletwa huku. Northwestern pale Evanston kuna maktaba ya Herskovits ya mambo ya Afrika tupu toka 1954. Chicago kuna CRL, hicho ni kituo ambacho vyuo vimechangia kikae na vitu ambavyo kila mmoja anavihitaji mara moja moja, na chini yake kuna CAMP, mpango wa toka 1963 wa kupiga mikrofilamu, yani picha ndogo ndogo za kurasa kwenye filamu, za machapisho ya Afrika, magazeti ndo kwao. Mimi nimekaa kwenye basement huku nikizungusha mikrofilamu ya gazeti la Dar la zamani, natafuta habari za babu zangu, nje theluji.

Cha kukusaidia wewe sasa hivi. Wakati wa korona chama cha maktaba cha kimataifa, IFLA, kupitia watu wake wa kuazimiana walianzisha kitu kinaitwa RSCVD, ni fomu tu, mkutubi yeyote popote anaomba makala au sura ya kitabu kwa niaba ya msomaji wake, na wakutubi wa kujitolea wa nchi mbalimbali wanaitafuta wanaituma, bure. Lazima aombe mkutubi, sio wewe. Kitabu kizima hapana, sura ndiyo. Kwa Alan Wood chagua sura.

Kichwa_Ngumu_Dom

Mbukwenyi kaka. Yani historia ya vibarua wa Kongwa mtu akaisomee Chicago. Haya bwana.

Mkutubi_Mstaafu_Mtarajiwa

Kichwa_Ngumu, mimi hilo la Chicago siku hizi halininyimi usingizi. Gazeti la 1947 lililokaa kwenye joto letu la pwani ukilishika linakuvunjikia mkononi. Wale walipiga mikrofilamu likiwa bado linasomeka. Kinachonikera ni kuomba. Sisi tukitaka kuiona ile filamu tunaomba kama wageni, na hatujajenga hata ule utaratibu wa kuwaomba vizuri. IFLA walikuwa na mpango wa vocha toka 1995, kikaratasi cha euro 8 unalipia ombi moja bila kuhangaika na benki za kigeni, nilijaribu sana pale nilipokuwa tununue hata chache tu. Mhasibu akauliza hizi ni pesa au ni stempu? Hakuna fungu lake. Ikaishia hapo.

Mgogo, asante kwa hilo la RSCVD, naona umemsaidia kuliko mimi.

Nyaraka_Tupu

Naongezea kidogo tu kwa mtoa mada. Mpango wa karanga ulikuwa ni kashfa ya bunge la Uingereza, kwaiyo Hansadi zao za miaka hiyo zimejaa Kongwa na ziko mtandaoni wazi bila akaunti, utamkuta waziri wa chakula John Strachey anavyobanwa. Na waraka wenyewe wa serikali yao wa 1947 ulioeleza mpango ni Cmd. 7030, ukimpa mkutubi hiyo namba tu inatosha hata usipoandika kichwa. Mafaili ya sekretarieti yako Nyaraka za Taifa Dar, hayo hayaazimishwi hata kwa rais, beba barua ya utambulisho ya chuo na penseli.

Binti_Mpwapwa

Nimerudi wakuu, samahani nilikuwa kimya, mitihani ya kozi.

Nilifuata alivyosema mzee. Nilienda asubuhi kwa mkuu wa maktaba na karatasi yangu, nikakuta ni mama mmoja mpole kuliko nilivyodhani. Kumbe chuo chetu kimesajiliwa Research4Life siku nyingi tu, paswedi anayo mtu mmoja na hakuna tangazo lolote ukutani. Makala ya 2006 nikaipata nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Ile ya 1981 JSTOR kama mlivyosema. Tasnifu, mama alimpigia mtu anayemfahamu akatumiwa kurasa za yaliyomo, na kwa kweli sura mbili tu ndo zinanihusu, zimeombwa, moja imeshakuja imeskaniwa vizuri mpaka namba za tanbihi zinasomeka. Alan Wood bado, mama kajaza ile fomu ya RSCVD kwa sura moja tunasubiri. Nairobi sijapata kitu ila nimepata tasnifu nyingine ya mkonge inayonisaidia kulinganisha mishahara.

Swali langu la mwisho kwa mzee, je naweza kuomba tasnifu nzima iskaniwe kidogo kidogo, sura hii wiki hii, nyingine wiki ijayo? Naona kama kuna vitu vimejificha kwenye viambatisho.

Mkutubi_Mstaafu_Mtarajiwa

Mwanangu hiyo wote tunaijua na jibu ni hapana. Kawaida ni sura moja au sehemu ndogo kwa ajili ya kusoma, ukizidisha unaingia kwenye hakimiliki ya aliyeiandika, na yeye anaweza kuwa hai anakunywa kahawa Kariakoo. Ukiitaka nzima, mama akuandikie barua kwa mkurugenzi wa maktaba kule, na kama mwandishi anapatikana idhini yake ya maandishi inafungua milango yote, idara yake ya zamani huwa inajua alipo. Wengine wanafurahi sana kusikia kuna mtu bado anaitafuta kazi yao, wanakutumia nakala yao wenyewe.

Ila viambatisho omba sasa hivi, peke yake, kwa namba za kurasa. Kama ni orodha ya wazee waliohojiwa kurasa hazitakuwa nyingi na hakuna atakayekataa. Na mwambie mama abandike hilo tangazo la Research4Life ukutani.

Binti_Mpwapwa

Kiambatisho B, ukurasa 211 hadi 219. Nampelekea kesho. Tangazo nimelichapa mwenyewe, kanipa na selotepu.

Mwana_Urambo

Jamani mimi niko Tabora natafuta vitu vya upande wa Urambo wa mpango huo huo, huyo mama wa RSCVD anapokea na wa vyuo vingine?

Mgogo_Columbus

Hapana kaka, anza kwa mkutubi wa chuo chako, na umpelekee hiyo Cmd. 7030 aanze nayo.